Tuni Hii Umepewa au Umeitunga?

Katika makanisa yetu, mtu akisimama mbele ya kwaya kufundisha wimbo mpya, mara nyingi huanza kwa kusema kwamba wimbo huo amepewa. Hasemi ameutunga. Alikuwa shambani, au njiani akitoka kliniki, au amelala usingizi, wimbo ukaja. Sisi tulioketi tunaitikia amina wala hatuulizi zaidi, kwa maana ni nani atakayemhoji mwenzake juu ya jambo lililopita kati yake na Mungu? Lakini tukifika nyumbani swali hutufuata. Je, kusema "nimepewa" ni unyenyekevu, au ni namna ya kujikinga? Na yule anayesema waziwazi kwamba wimbo ameutunga mwenyewe, tena umemtoa jasho kwa miezi mitatu, huyo amemnyang'anya Mungu utukufu wake?

Tumeona tulitazame swali hili kupitia watu walio mbali nasi, nao ni wapiga muziki wa jadi wa Ireland. Sababu ya kwenda mbali hivyo tunayo. Wimbo wa kanisani una maneno, nasi tukiulizwa uvuvio wake umekaa wapi, haraka tunaonyesha maneno, hasa yakiwa yametoka katika Maandiko. Sehemu kubwa ya muziki wa Ireland haina maneno kabisa. Ni tuni tupu za fidla, filimbi, kodiani, kinubi na zumari ya mfuko. Hakuna mstari wa Biblia wa kuitetea tuni kama hiyo. Linabaki swali lenyewe: sauti hizi, kwa mpangilio huu, zimetoka wapi?

Tena wanaotunga leo wanatunga ndani ya kalibu ya zamani. Tuni ya dansi kwa kawaida ina sehemu mbili fupi, kila sehemu hupigwa mara mbili, kisha yote hurudiwa tangu mwanzo. Jigi hutembea kwa tatu tatu, rili kwa nne nne. Maelfu ya tuni yametoka katika kalibu hiyo, na nyingi kati yake mtunzi hajulikani. Francis O'Neill, aliyezaliwa kata ya Cork mwaka 1848 na kuwa mkuu wa polisi wa jiji la Chicago, alichapisha mwaka 1903 kitabu chenye tuni 1,850, nyingi alizipata kwa wahamiaji wenzake waliokuwa wakiishi jijini humo. Mtunzi mpya anaingia katika nyumba iliyojaa namna hiyo. Tuni yake ikifanana mno na za zamani, watu watasema ni ya zamani aliyoikosea. Ikiwa ngeni mno, hakuna atakayeipiga. Mlango alioachiwa ni mwembamba, na bado kila mwaka wapo wanaopita.

Tuanze na wale wanaosema walipewa. Mbele ya pwani ya Kerry, kusini-magharibi mwa nchi, viko visiwa vya Blasket. Kisiwa kikubwa kiliachwa mwaka 1953, serikali ilipowahamisha watu wachache waliobaki, lakini tuni moja yao inapigwa duniani kote. Inaitwa Port na bPúcaí, yaani tuni ya vibwengo. Masimulizi yanatofautiana: wengine husema watu walikuwa ndani ya mtumbwi usiku, wengine husema walikuwa katika nyumba juu ya kisiwa kidogo. Wote wanakubaliana kwamba ilisikika sauti ya huzuni ambayo haikutoka kwa mwanadamu, na mmoja akaishika kwa fidla yake. Siku hizi wako wanaosema ile ilikuwa sauti ya nyangumi ikipenya kwenye mbao. Inawezekana sana. Ila iwe vibwengo, iwe nyangumi, mtu yule alikuwa akisikiliza, na alikuwa na fidla, na vidole vyake vilikwisha kufanya kazi miaka mingi. Wangapi walipita bahari ile usiku wakasikia baridi tu?

Yako masimulizi mengine ya aina hiyo. Jigi iitwayo Pete ya Dhahabu husimuliwa kwamba mpiga zumari aliokota pete iliyopotezwa na vibwengo, akairudisha, nao wakampa tuni iwe shukrani. Msomaji wa kanisani anaweza kukunja uso hapa. Sisi hatuvisimulii visa hivi ili vibwengo viaminiwe. Wasimulizi wake walikuwa Wakristo waliosali rozari jikoni kila jioni, na tunavyowaelewa, kusema "walinipa wao" kulikuwa njia ya kusema "si yangu". Walijua kwamba tuni nzuri ni kubwa kuliko mtu aliyeishika. Hilo nasi tunalijua. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho swali la namna hiyo, na hatudhani walipata jibu.

Lakini kauli ya "nimepewa" ina hatari yake, tuseme kweli. Mtu akisema wimbo ameletewa na Roho, basi ubeti wa pili ukiwa mbovu hakuna wa kuugusa. Mwalimu wa kwaya anaona kabisa kwamba sauti ya tatu inapanda mahali pasipopandika, lakini atamrekebisha nani? Kile kilichoanza kama unyenyekevu kimekuwa ukuta. Vibwengo walau hawakuwahi kudai tuni zao zisibadilishwe; wapigaji wa Ireland waliendelea kuzitengeneza kizazi baada ya kizazi.

Mtu wa pili tunayemtazama hakuzungumza hivyo. Turlough O'Carolan alizaliwa mwaka 1670, akapofushwa na ndui akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Mama mmoja mwenye nyumba kubwa, Bibi MacDermott Roe, alimlipia mwalimu wa kinubi kwa miaka mitatu, kisha akampa farasi, na mtu wa kumwongoza njia. Tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1738 O'Carolan alizunguka nyumba kwa nyumba. Alipopokewa, alitunga tuni akaiita kwa jina la mwenyeji: ya Bwana fulani, ya Bibi fulani, ya binti yao. Tuni zake zaidi ya 200 zimebaki, na ukisoma orodha ya majina yake unaona ramani ya meza alizolia chakula.

Je, huu ni uvuvio, au ni biashara? Wako wanaoona aibu kwamba muziki mzuri hivyo ulitungwa kwa ajili ya mlo na kitanda. Sisi hatuoni aibu hiyo. Kipofu anayeishi kwa ukarimu wa watu ana kitu kimoja tu cha kuwarudishia, naye alikirudisha. Shukrani ni chemchemi ya muziki tangu zamani, na nusu ya Zaburi ingekauka bila hiyo. Kama alikuwapo mwenyeji bahili aliyepewa sifa asizostahili, sifa hizo zimo katika jina lililoandikwa juu ya karatasi, kwa kuwa tuni yenyewe haina maneno ya kusemea uongo. Inasimuliwa kwamba alipoona mauti yamekaribia alirudi kwa Bibi MacDermott Roe yule yule, akaomba kinubi, akapiga tuni ya kuuaga muziki. Nayo bado inapigwa.

Kutoka kwa kipofu wa karne ya 18 tuvuke bahari hadi Philadelphia, kwa fundi bomba. Ed Reavy alizaliwa kata ya Cavan mwishoni mwa karne ya 19, akaenda Marekani mwaka 1912 akiwa kijana, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 1988. Mchana alikuwa akifunga na kuziba mabomba ya maji. Akishika fidla, alitunga mamia ya tuni, nyingine zikienea hata zikadhaniwa ni za kale. Tazama majina aliyozipa. Moja ni ya kanisa dogo la Maudabawn, huko Cavan. Nyingine ni ya njia ielekeayo bondeni. Hakutunga tuni ya barabara za Philadelphia alizozikanyaga kila siku kwa zaidi ya nusu karne kama alivyotunga za mahali alipopaacha akiwa mtoto.

Watu wa Mungu walipokuwa Babeli walitundika vinubi vyao mitini, kwa sababu hawakuweza kuimba ugenini. Tunaielewa huzuni ile, na hatumlaumu aliyetundika. Reavy alikutana na ugeni huo huo akafanya kinyume: alichukua chombo akatengeneza upya, noti kwa noti, kile asichokiona tena. Huenda kama angebaki Cavan, akipita mbele ya kanisa lile kila Jumapili, asingeona haja ya kulitungia chochote. Wengi wetu tuliohamia mjini tunajua jinsi kengele ya kanisa la kijijini inavyosikika vizuri zaidi ukiwa umbali wa saa kumi kwa basi.

Sasa tufike mahali pagumu, maana hapa kanisa lenyewe limo ndani ya habari.

Katika kata ya Clare aliishi mkulima mpiga fidla aitwaye Junior Crehan, 1908 hadi 1998. Ujana wake muziki ulikaa jikoni mwa nyumba za watu: majirani walikusanyika, meza ikasogezwa, wakacheza mpaka usiku mwingi. Mwaka 1925 maaskofu wa Ireland walitoa tamko dhidi ya madhara ya dansi, likasomwa makanisani. Mwaka 1935 serikali ikapitisha sheria ya kumbi za dansi, iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na kibali. Sheria haikuzitaja dansi za jikoni, lakini polisi pamoja na mapadri wa sehemu nyingi waliitumia kana kwamba imezipiga marufuku. Nyumba zikanyamaza. Dansi zikahamia kumbi, nyingine za parokia, kwa kiingilio, na ndani yake bendi kubwa zenye muziki mwingine. Vijana wenzake wakaondoka nchini kwa mamia. Crehan aliishi kuyasimulia hayo akiwa mzee, kwa uchungu, jinsi sheria ile ilivyomwacha na fidla bila mahali pa kuipigia.

Hatutaki kulipita jambo hili kwa haraka kwa sababu linatuuma. Wachungaji wale hawakuwa watu wabaya. Waliogopa mambo ambayo wazazi huogopa hata leo: ulevi, usiku, mabinti kurudi nyumbani peke yao. Hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini waliifunga jikoni walipokuwa wakiulinda ukumbi, na kile kilichokuwa jikoni hakikuwa ulevi tu. Yalikuwamo majirani, wazee na watoto chini ya paa moja, kila mmoja akijua jina la mwenzake. Ni nani katika jumuiya zetu hajaona ngoma ya kijiji ikiitwa ya shetani na mhubiri ambaye hakuwahi kukaa kuisikiliza mpaka mwisho?

Crehan hakuliacha kanisa, wala hakuiacha fidla. Alitunga. Moja ya tuni zake ni ya kuuaga mji wa Miltown Malbay, nyingine ni ya milima iliyofunikwa na ukungu, nyingine ni ya shimo la fisimaji. Fisimaji naye alistahili rili, inaonekana. Katika miaka ya ukimya mtu huyu alikuwa akiangalia ukungu na wanyama wa mtoni na kuviwekea sauti, bila ya kujua kama atakuwapo mtu wa kucheza.

Haikuchukua muda mrefu sana upepo ukageuka, tena ndani ya kanisa lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Seán Ó Riada, mtunzi aliyekuwa tayari na sifa Dublin kwa muziki wa filamu, alihamisha familia yake akaenda Cúil Aodha, bonde dogo la kata ya Cork ambako watu huongea Kiairishi. Mtaguso wa Vatikano ulikuwa umefungua njia ya ibada kwa lugha za watu. Ó Riada akakusanya wanaume wa bonde lile, wakulima waliokwisha kuimba nyimbo za zamani tangu utoto, akawatungia Misa. Hakuiga nyimbo za makanisa makubwa ya Ulaya. Alisikiliza jinsi walivyoimba wakiwa nyumbani, zile sauti zinazopinda na kuchelewa, akatunga Misa iimbwe hivyo. Jikoni ikapanda hadi altareni, miaka 30 tu baada ya kufungwa. Ó Riada alikufa mwaka 1971 akiwa na miaka 40, na mwanawe Peadar akaichukua kwaya angali kijana.

Ile Misa ni ya nani basi? Ni yake, maana aliiandika. Ni ya wakulima, maana koo lilikuwa lao. Ni ya wale waliowafundisha, ambao majina yao hayapo popote. Tukisema tu kwamba "Mungu ndiye aliyetoa" tumesema kweli, lakini tumewaruka watu wengi.

Kuna jambo jingine linalotushangaza, nalo ni jinsi tuni ngeni inavyopokewa. Mwaka 1982 Simon Jeffes, Mwingereza wala si mtu wa muziki wa jadi, aliokota harmoniamu iliyotupwa katika kichochoro cha mji wa Kyoto, Japani. Harmoniamu ni kinanda kidogo cha kusukumiwa upepo, kama vile vilivyokuwa katika makanisa ya misheni. Alitunga juu ya kinanda kile tuni ya kurudiarudia, akaiita kwa jina la harmoniamu iliyookotwa. Baadaye wanamuziki wa Ireland wakaichukua, na leo utaisikia ikipigwa kama rili katika mikusanyiko yao, kando ya tuni za miaka 200. Hakuna kamati iliyokaa kuipitisha. Mikono ya watu iliijaribu ikaona inaingia. Vivyo hivyo Dave Richardson, naye Mwingereza, alitunga jigi akaipa jina la nyumba moja ya wapenda muziki huko Pittsburgh. Aliitunga katika ufunguo mgumu wenye uzuri wake. Wapigaji wengi wameishusha hadi ufunguo rahisi, na ndivyo inavyojulikana sasa. Mtunzi afanye nini? Hana alimwomba Mungu mtoto, akampata, akamnyonyesha, kisha akampeleka hekaluni akamwacha huko, na kila mwaka akamshonea kanzu bila kujua mtoto ameongezeka kimo kiasi gani. Mtunzi wa tuni ya jadi amekaa mahali pa Hana.

Ila kuachilia kwa mtunzi si ruhusa kwa msikilizaji kumsahau. Ireland nako imetokea mara nyingi kwamba mtu anarekodi tuni ya jirani yake aliye hai na kuandika kwenye jalada "ya jadi". Huenda alijifunza kwa kusikia na hakujua. Huenda alijua, na neno "jadi" lilimpunguzia gharama. Katika miaka ya 1990 mabishano juu ya ada za hakimiliki yalikuwa makali huko. Wako waliosema muziki wa baba zetu hauwezi kutozwa fedha, na wako waliouliza kwa nini mwenye baa alipwe na mtunzi asilipwe. Sisi tunaona wote walikuwa na hoja, lakini wa pili walikuwa na hoja nzito zaidi. Hata katika kwaya zetu wimbo wa mtu husafiri kwa simu kutoka usharika hadi usharika, ukarekodiwa studio, na jina lake likaangukia njiani. Akilalamika anaambiwa asitafute sifa, kwani wimbo si ni wa Bwana? Huko ni kuitumia imani ya mtu kumwibia.

Tunaporudi kwa Maandiko tunamkuta Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania. Kitabu cha Kutoka kinasema alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, ya dhahabu na mbao na mawe. Papo hapo, bila ya kuona tatizo, kinaandika jina lake, jina la baba yake, la babu yake na la kabila lake. Roho na jina vimewekwa pamoja. Yubali naye, aliyewatangulia wote wapigao kinubi na filimbi, ameandikwa kwa jina. Kwa upande mwingine, kichwa cha Zaburi ya 22 kinataja tuni ya kuimbia, ya ayala wa alfajiri. Jina la tuni tunalo. Tuni yenyewe imepotea, na aliyeitunga hatumjui. Tungetoa mengi kuisikia mara moja.

Tumebakiza mtu mmoja, mkulima wa Kilconnell, mashariki mwa kata ya Galway, aitwaye Paddy Fahey. Alitunga jigi na rili zenye giza na utamu ambao hakuna anayeweza kuuelezea vizuri, akazipiga kwa fidla nyumbani na kwa marafiki. Hakutoa rekodi ya kuuza, na tuni zake hakuzipa majina, hata moja. Mwaka 2001 kituo cha televisheni cha lugha ya Kiairishi kilimtunuku tuzo ya mtunzi wa mwaka. Alifariki mwaka 2019 akiwa amepita miaka 100.

Kwa kuwa hazikuwa na majina, wapigaji walilazimika kuziita kwa namna fulani, wakaziita kwa jina lake, zote. Basi kwenye mikusanyiko yao mtu akimaliza tuni nzuri na jirani yake akauliza inaitwaje, hujibiwa ni ya Paddy Fahey. Akiuliza tena ni ipi kati ya zile, kwa maana anajua nyingine kumi zenye jina hilo, mwenzake huinua fidla na kumpigia mwanzo wake.